Sanduku Lenye Maki ya Jovitus

Kalista alikuwa anaandika maki kwenye maboksi ya taa, jina la mwenye mzigo na mji wake, pale mwanamfalme wa Misri alipoingia ofisi ya kago hapo Sanyuanli, China, akiburuta jeneza lake. Alikuwa na miaka tisa na alishakufa zamani sana.

"Shikamoo dada. Nataka kurudi nyumbani."

"Marahaba. Maki yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Baba yake alimchongea kaburi zuri, ukutani bata, mikate, mpaka kiti chake kidogo. Baba huyo alipofariki, baba mdogo akalikwangua jina la mtoto, akaandika la kwake, akaja kulala humo mwenyewe.

Abass, bosi wa kago, hakuacha kufunga marobota. "Pole, mdogo wangu. Mzigo bila maki hauendi popote."

Kalista alimwelewa mtoto, akamsimulia ya kwake. Kaka yake Jovitus ana mwezi wa tatu kwenye friji la mochwari. Aliingia China kwa pasi ya Stephen, rafiki yake, na makaratasi yote yanasema aliyekufa ni Stephen, ambaye yuko Kariakoo anauza viatu na amekataa kabisa kufa. Kila Jumatatu Kalista anaenda kuomba apewe Jovitus. Kila Jumatatu anajibiwa *meiyou*, hakuna.

Mwanamfalme aligonga jeneza. "Andika jina la kaka yako hapa. Tukamchukue. Mimi nimezoea kungoja."

Kalista aliandika kwa kalamu ya makapeni: JOVITUS, MULEBA. Wakalibeba mpaka mochwari. *Meiyou*. Wakarudi nalo, mtoto kachoka, akaingia jenezani kulala.

Asubuhi jeneza halikuwepo.

"Nimelipakia," Abass alisema. "Si lina maki?"

Baada ya miezi miwili mama alipiga simu kutoka Muleba.

"Tumempumzisha kwenye migomba, pembeni ya baba yako. Ukoo mzima ulikuja. Na jina msalabani tumeliandika vizuri." Akashusha sauti. "Ila Kalista, mbona mwanangu amerudi mdogo hivi?"

"Safari ni ndefu, mama."

"Na vile vitambaa mwili mzima?"

"Huku ndivyo wanavyofunga."

"Haya. Mungu amlaze."

Ilikuwa Jumatatu. Kalista akafunika makapeni, akapanda metro mpaka mochwari. Safari hii aliomba kumwona Stephen.

Wakamfungulia friji.