Meza Iliyolia Wakati wa Sala

Kwetu Holmes, mtu akitaka kumsifu seremala humwambia kwamba droo zake zinavutika hata mwezi wa Agosti, wakati joto na unyevu vimeivimbisha kila mbao. Basi, haongezi neno, maana sifa nyingi humvimbisha mtu kichwa. Droo za mume wangu Mahlon zinavutika Agosti. Chini ya meza, mahali pasipoonwa na yeyote ila paka, hupapiga randa sawasawa na juu, na jina lake haliandiki popote. Waingereza, ndivyo tunavyowaita watu wote wasio wa kanisa letu la magari ya farasi hata kama Uingereza hawaijui, huja na magari yao kutoka Cleveland kumwomba viti kama alivyokalia bibi yao. Mahlon huwaambia wangoje. Mbao zilale kwanza darini mpaka zisahau mvua, ndipo ziguswe.

"Meza si ya anayeiagiza," huwaambia. "Ni ya mjukuu wake. Na huyo hana haraka."

Mtu huyohuyo ndiye aliyempa binti yetu wa mwisho meza ya mbao mbichi.

Kinyozi hajinyoi. Harusi ya Rosanna ilikuwa Novemba, na karakana imejaa kazi za watu. Mbao kavu zote za mwaloni zilikwisha kwenye makabati ya Waingereza. Kwa binti yake Mahlon akashusha mbao ambazo hazijamaliza hata mwaka. Nilipokuwa naipaka ile meza mafuta nikasikia harufu kali ya mti ulio hai bado.

"Baba Rosanna, huu mti si bado unalia?"

"Utakaukia hukohuko kwake."

"Si uwaambie wangoje tu? Watakula kwenye meza yangu ya kufulia, hawatakufa."

"Mama Rosanna, wewe pika. Harusi haingoji, na baba wa bibi harusi hatoi ahadi kama zawadi."

Tena, ili uso wa meza usipinde, akaubana miisho yote miwili kwa vipande vya mbao vya kukingama, akavigandisha kwa gundi kutoka pembe hadi pembe. Mwanagenzi wake angefanya hivyo angemfukuza. Mbao ikikauka hupungua upana, na ukiibana isipate pa kwenda, itajitafutia njia yenyewe.

Januari zamu ya ibada, ambayo kwetu husaliwa majumbani, ikafika kwa Rosanna na mumewe Leroy, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Leroy alitoka Indiana, hana ndugu hapa. Naye ni seremala, na alikuwa anataka kufungua karakana yake kwenye ghala la nyuma. Siku ile ndiyo kanisa zima lingemwona nyumbani kwake. Rosanna alikuwa amesugua hata misumari ya ukutani.

Ibada ilipokwisha tukaandaa chakula: mkate, siagi ya karanga, viazisukari vyekundu vya siki, kahawa. Askofu Aden na wazee wakaketi kwenye meza ya Mahlon, Mahlon akiwa kati yao, na sisi wanawake tukasimama na mabirika. Askofu akainamisha kichwa, na watu wote wakainama kusali kimya kimya, kama desturi. Hata watoto hawakukohoa.

Hapo ndipo meza ilipolia. Ilipiga mlio wa bunduki. Mwaloni ukapasuka kutoka mwisho mmoja karibu mpaka mwisho wa pili, ufa wa kuingia kidole, na kikombe cha askofu kikaruka.

Na sala haikwisha. Kwetu sala haikatizwi hata ng'ombe akiingia ndani, mpaka askofu ainue kichwa, na siku ile nadhani Askofu Aden aliwaombea hata walio China. Nikasimama na birika langu nikitazama masikio ya mume wangu yakiwa mekundu. Kila mtu mle ndani alijua mikono iliyoitengeneza meza ile. Niliona aibu mpaka nikatamani Januari ile ifungue mlango iniingize kwenye theluji.

Askofu alipoinua kichwa, Leroy ndiye aliyewahi kusema.

"Mnisamehe wazee, hili kosa langu. Jana niliiosha kwa maji moto, nikaisogeza jikoni ikauke haraka."

Mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi. Nilimtazama Mahlon. Sasa, nikasema moyoni. Sema sasa, kabla hawajamaliza kucheka. Mahlon akaufikia mkate akaupaka siagi ya karanga. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilishukuru.

Shukrani ile ilichacha upesi. Seremala anayeosha meza kwa maji moto na kuianika kwenye jiko si seremala, ni kichekesho. Kwenye mnada wa ng'ombe wakawa wanamwita.

"Leroy! Na ndama wako unawakausha jikoni?"

"Huko Indiana mnapika na viti pia, au meza tu?"

Leroy alicheka nao. Rosanna hakucheka. Alikuja kwangu kuchukua maziwa, akawa anaangalia ndoo badala ya kuniangalia mimi.

"Mama, Leroy hakuiosha ile meza."

"Najua."

"Alilala chini yake kabla ya ibada akaona ilivyobanwa kwa gundi. Akaniambia itapasuka, omba tu isipasuke Jumapili." Akafuta uso kwa mikono, maana leso hakuwa nayo. "Baba atanyamaza mpaka lini?"

Nikamjazia ndoo kupita kiasi, maziwa yakamwagika.

Kisha akaja Vernon, mkulima wa ng'ambo ya kijito, kofia mkononi. Binti yake anaolewa, na kabati la vyombo alikuwa amemwagiza Leroy, kazi ya kwanza kubwa ya kijana yule.

"Mzee Mahlon, nisikufiche. Mkwe wako kijana mzuri, lakini kabati la binti yangu siwezi kumpa mtu anayechoma meza. Nitengenezee wewe. Nataka kitu cha kurithisha."

Mahlon alikuwa anapitisha kiganja juu ya ubao, kama anavyofanya siku zote kutafuta paliposalia mkwaruzo. Kiganja kikasimama.

"Niachie nifikirie," akasema.

Nilingoja gari la farasi la Vernon litoke uani. Halafu nikaingia karakanani nikafunga mlango.

"Unafikiria nini, Mahlon?"

"Nyamaza, mama."

"Sinyamazi. Umemvisha mtoto wa watu aibu yako, sasa unataka na mkate wake?"

"Alijisemea mwenyewe. Nani alimtuma?"

"Heshima ilimtuma! Wewe umekaa umeivaa kama koti lako. Waingereza unawapa mbao zilizolala, mwanao unampa gundi. Halafu kijana anakufunika, unajifunika gubigubi!"

Sijawahi kumpigia mume wangu kelele namna ile, na sikujisikia vizuri baadaye. Alikaa juu ya rundo la mbao, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaitazama mikono yake. Kazi ya Vernon hakuigusa. Wala kwa Leroy hakwenda. Kila jioni nilidhani anavaa kofia aende, kumbe anakwenda kulisha farasi.

Kabla ya Meza ya Bwana ya masika, theluji ikishayeyuka, huwa tuna ibada ya kupatana. Mwenye neno na mwenziwe hulisema, maana kanisa haliumegi mkate likiwa na kinyongo. Watoto na wasiobatizwa walipotolewa nje, askofu akauliza kama yupo mwenye neno. Mahlon akasimama. Mabenchi yakalia.

"Meza ya Rosanna niliitengeneza kwa mbao mbichi. Niliibana kwa gundi, na nilijua. Maji moto hayakuwapo, wala jiko. Nilimwacha mkwe wangu achekwe miezi yote hii, na kazi yake ikaja kwangu, nami sikuirudisha. Kutengeneza meza mbaya ni uvivu. Hili la pili ni wizi."

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Askofu Aden akajifuta paji la uso, akamgeukia Leroy, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu asichokitaka.

"Basi wewe Leroy, ulilidanganya kanisa. Nyumbani kwako, baada ya sala."

Leroy akasema, "Ndiyo."

Mungu wangu, sikuwa nimelifikiria hilo. Nimempigia mume wangu kelele aseme kweli, na kweli yenyewe imekwenda kumkamata aliyekuwa akimsitiri. Wakatolewa nje wote wawili, wahubiri wakapita benchi hadi benchi wakiuliza kila mtu shauri lake, wanaume kwa wanawake. Walipofika kwa Rosanna, mimba yake ikiwa imeanza kuonekana, walimuuliza kama anakubali mumewe apige magoti kuungama mbele ya kanisa. Uongo ni uongo, naye anajua alichobatiziwa. Akasema anakubali, na sauti haikusikika ila kwangu niliyekaa ubavuni mwake. Nami nilipoulizwa nikakubali, kwa wote wawili, na ulimi wangu uliokuwa mwepesi karakanani ukawa mzito kama jiwe.

Wakaitwa ndani. Wakapiga magoti bega kwa bega mbele yetu, mzee na kijana. Waliulizwa kama wanajuta, wakajibu. Waliombewa. Leroy shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya mvulana, na watu waliomcheka kwenye mnada walikuwa wanatazama sakafu. Vernon alikuwa ameficha uso kwenye kofia yake.

Kisha askofu akamnyooshea Mahlon mkono amwinue, kama ilivyo desturi, ampe busu la amani. Mahlon hakuupokea.

"Huyu kwanza," akasema.

"Mahlon, utaratibu wetu ni mkubwa kwanza."

"Nimesikia. Huyu kwanza."

Askofu alikaa na mkono wake hewani. Halafu akauhamisha, akamshika Leroy, akamwinua, akambusu. Leroy akarudi nyuma akasimama ukutani akilia waziwazi. Mume wangu akabaki peke yake sakafuni, kichwa chini, hana wa kumfunika, na mimi sikuangalia pembeni.