Saini ya Konseli wa Heshima

Konseli wetu alikuwa muuza masinki. Masinki yake yalikuwa mazuri, na laiti angebaki nayo. Lakini mtu fulani serikalini kwetu alimpa cheo cha konseli wa heshima, yaani yeye, raia wa huku huku ugenini, ndiye atusaidie mambo ya hati na mihuri. Kwetu hajawahi kukanyaga. Halipwi mshahara, na kwa kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa sawa kabisa. Alifungua ofisi Jumatano tu, saa nne mpaka saa sita, ghorofani juu ya duka lake, penye kibao cha shaba kinachong'aa kuliko bomba lolote la kule chini.

Tulikwenda kwake kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Dada alijifungulia huku, mkataba wake wa kazi za ndani ukaisha, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinakwisha Jumamosi. Tiketi ilikuwa ya Ijumaa. Yeye alikuwa na pasipoti, lakini mtoto, wa wiki saba, alikuwa na karatasi ya hospitali tu. Bila hati ya dharura ya kusafiria asingepanda ndege, na dada asingemwacha. Wangekamatwa wote wawili. Baba wa mtoto alibadilisha namba ya simu mimba ikiwa na miezi mitatu.

Mimi nilibeba mfuko wa nepi. Kusema mbele ya watu ni kazi inayonishinda, kwa hiyo nilikaa pembeni nikawa naangalia.

"Mwiteni Mheshimiwa," karani wake akatuonya kwa lugha yetu. Alikuwa mama wa kwetu, kila mtu akimwita Shangazi, naye ndiye aliyetafsiri. "Usipomwita hivyo hasikii."

Mheshimiwa alikuwa amekaa pale pale, anatabasamu, haelewi kitu.

Akatoa fomu kwenye droo. Zilikuwa zimetumwa na ubalozi wetu ulio nchi jirani, nazo zilikuwa na namba, kila moja lazima aitolee hesabu. Hata jina la mtoto hakuuliza. Alifungua kalamu, akakunja mkono wa shati, akatia saini ndefu yenye mikia miwili, kisha akaiangalia mwenyewe kwa mapenzi. Ndipo akachukua picha ya mtoto, akatikisa kichwa.

"Anasema macho yamefumba," Shangazi akatafsiri. "Anataka picha yenye macho wazi. Pia barua ya bosi wako. Mrudi Jumatano ijayo."

"Jumatano ijayo nitakuwa ndani," dada akasema. "Mwambie mtoto wa wiki saba kazi yake ni kulala."

"Anasema mumwamshe."

"Amwamshe yeye, halafu ambembeleze."

Hilo Shangazi hakulitafsiri. Simu ya Mheshimiwa ikalia, akaenda nayo dirishani. Kuna mtu alikuwa anataka bafu la pembe tatu, na kwa huyo alikuwa na subira kama ya mama mzazi. Fomu ilibaki mezani, mbele ya magoti yangu. Ilikuwa kwa lugha yetu. Nikaisoma polepole, nikarudia. Mahali pa ofisa palikuwa patupu. Ile saini ya mikia miwili ilikuwa juu yake, kwenye mstari ulioandikwa: Saini ya baba wa mtoto.

Nikamvuta dada kitambaa cha kichwa, nikamnong'oneza. Dada yangu hajui kunong'ona.

"Heee! Shangazi, hebu muulize huyu bwana, mimi na yeye tulikutana wapi?"

Shangazi akasoma, akaziba mdomo, mabega yakaanza kucheza. Alipotafsiri, Mheshimiwa alikata simu bila kuaga. Masikio yalimwiva. Akanyoosha mkono achukue fomu, lakini dada alishaikunja na kuisokomeza ndani ya blanketi la mtoto.

"Hii naituma ubalozini mwenyewe. Mtoto kapata baba, tena mheshimiwa."

"Anasema ni kosa dogo tu."

"Hata mimi nilisema hivyo, akazaliwa."

"Anaomba, dada. Anasema ana mke."

"Basi afanye kazi."

Akafanya. Miaka kumi na miwili ya ukonseli, nadhani ile ndiyo siku pekee aliyofanya kazi. Alitoa fomu mpya, Shangazi akaijaza mbio mbio. Barua ya bosi ikasahaulika. Macho ya mtoto yakaonekana yanatosha. Ilipofika saini, kalamu ikaning'inia hewani, mtu mzima na tai yake hajui aiweke wapi, akatutazama mmoja mmoja. Nikaweka kidole.

"Hapa," nikasema.

Akasaini juu kidogo ya kidole changu. Muhuri aligonga mara mbili, maana wa kwanza haukuwa na wino. Dakika tano hazikufika. Dada akamrudishia ile fomu nyingine, naye akaitia mfukoni haraka kama mwizi. Ubalozini aliwaandikia nini kuhusu namba hiyo iliyopotea, mimi sijui.

Ijumaa, ofisa wa uwanja wa ndege aliitupia hati jicho moja, akawapungia mkono wapite. Dada hakugeuka, na nilifurahi hakugeuka.

Mimi nimebaki huku, mkataba wangu umebakiza mwaka na miezi miwili. Nikipata shida, wa kunisaidia ni huyo huyo.