Miaka Thelathini na Sita

Wodi nzima ilimwita Dada Mkubwa, naye alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na mitatu. Aliposikia kuna nchi ya mbali iliyojaa wazee na hakuna wa kuwahudumia, aliomba kwenda, akamshawishi na mdogo wake. Wakasoma lugha ya kule miaka miwili, wakiulizana maneno huku wanafua. Dada Mkubwa aliongoza darasa. Mdogo wake aliponea chupuchupu kufeli.

Siku ya usaili, katika ofisi ya viza, Dada Mkubwa alipokelewa na mzee wa nchi ile ile, mwenye miwani mizito na mkono unaotetemeka kila anaposhika muhuri. Mzee akasoma faili hadi mwisho, kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

"Umetimiza thelathini na sita mwezi uliopita, binti yangu."

"Nilipoomba nilikuwa na thelathini na minne, mzee. Fomu zilikaa kwenu."

"Najua. Mwisho ulikuwa arobaini, wakaushusha hadi thelathini na mitano. Wanasema mkija watu wazima, mtawazeekea kule kule."

"Lakini si mnahitaji watu?"

"Tunahitaji mno. Mimi nina sabini na miwili. Nilishastaafu, wakanirudisha kwa kuwa kiti hiki hakina mtu. Mke wangu yuko nyumba ya wazee, anaogeshwa mara moja kwa wiki. Ningekuwa na uwezo, ningekupeleka kwake leo."

Aliyasema kwa lugha yake, na Dada Mkubwa akaelewa kila neno. Mzee akapiga muhuri wa kukataa. Mara ya kwanza haukushika wino, ikabidi arudie.

Mdogo wake, wa miaka ishirini na saba, akapita.

"Nisiende, dada?" aliuliza akifunga sanduku.

"Nenda. Mama nitabaki naye." Mama yao, ambaye miguu ilishamgomea, aligeukia ukutani asionekane uso.

Baada ya miezi mitatu mdogo mtu akapiga simu kutoka kule. "Kuna bibi ana kidonda mgongoni. Tuko wawili kwa wazee arobaini. Nianzie wapi?"

Dada Mkubwa alikuwa peke yake zamu hiyo. Wenzake wanne walishaondoka, na nafasi zao hazikujazwa. Akaanza kumwelekeza: amgeuze kila baada ya saa mbili, asisugue, mto uwekwe chini ya nyonga. Mgonjwa akamwita kutoka kitanda cha mwisho. Mwingine naye akaita. Akawainulia mkono wangoje, akaendelea kueleza.