Bendera Ng'ambo ya Ziwa

Aprili hapa Lehtoranta ni mwezi wa kero. Barafu ya ziwa imeshaoza, haimbebi mtu, na bado haijayeyuka mashua ipite. Watu wanahangaika madirishani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi siongei mpaka maji yafunguke, na mke wangu Hilkka hanidai maneno.

Asubuhi ile alikuwa akiikagua barafu kwa darubini, ghafla akapiga kelele. "Veikko! Njoo uone kwa Arvi!"

Arvi ni mdogo wake, anaishi kisiwani na mkewe Saimi. Hawajasemezana na Hilkka miaka sita, tangu Arvi alipouza sauna ya marehemu baba yao, kibanda cha mbao cha kuogea mvuke, bila kumwuliza. Nikatazama. Uani kwake bendera ilikuwa nusu mlingoti. Kwetu hiyo ina maana moja tu: nyumba ile ina maiti.

"Atakuwa Saimi," nikasema.

"Kwa nini asiwe Arvi? Moyo wake mbovu!"

Akapiga simu, ikaita weee, hakuna aliyepokea. Akakaa, akasimama, akavaa buti, akavua, akavaa tena. Nikamwambia tusubiri barafu iondoke.

"Subiri wewe na gazeti lako. Mimi nakwenda kumzika ndugu yangu."

Nani angemzuia? Tukaisukuma mashua juu ya barafu, mimi kulia, yeye kushoto, mguu mmoja ndani na mmoja nje, misumari ya kujivutia juu ya barafu ukizama ikining'inia shingoni. Mara mbili barafu ilivunjika, nikalowa hadi kiunoni. Nikamtukana Arvi, kisha nikakumbuka marehemu hatukanwi, nikaingiwa na hofu. Hilkka alikuwa akilia waziwazi.

"Nimemnunia mtu kwa sababu ya mbao! Mbao, Veikko!"

Tulipofika, marehemu alikuwa juu ya ngazi, anagombana na kamba ya bendera. Saimi alikuwa ameshika ngazi.

"Imekwama, shemeji!" Arvi akanipigia kelele, utadhani tumetoka dukani. "Kapi la juu limeganda. Haipandi, haishuki!"

"Na unapandisha ya nini?" Hilkka akauliza. "Leo si sikukuu."

Arvi akashuka polepole, macho chini. "Unatimiza sitini leo, dada. Simu usingepokea. Nikasema walau bendera utaiona."

Hilkka akamtandika ngumi ya bega, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikamdondoka.

"Nimekuja kukuzika, mjinga wewe!"

Nyuma yetu barafu ikapasuka kwa mlio mrefu, njia tuliyopitia ikajaa maji na vipande. Kurudi hakukuwepo.

"Sasa tufanyeje?" Arvi akauliza.

"Bandika kahawa. Mpaka barafu iishe nipo hapa, na yote ya miaka sita utayasikia."

Arvi akasema kahawa ipo, akaanza kulia.