Mwigizaji Aliyeacha Kula

Nilipokuja Marekani kumwona binti yangu Chelagat, nilimkuta akimtunza mzee Mswidi nyumbani kwake, katika mji wa Greenbelt. Mzee Ekmark alikuwa mwigizaji wa filamu. Kwao Uswidi watu walisimama njiani kumwangalia akinunua gazeti tu. Sasa alikuwa ameacha kula.

"Binti yake anakuja Jumamosi," Chelagat aliniambia. "Lorraine akikuta bado hali, atampeleka nyumba ya wazee. Na mwenyewe hataki kutoka hapa, Mama. Hapa ndipo alipoishi na marehemu mkewe."

Nikawa nafuatana na Chelagat kazini. Nilipika uji, nikamwekea mzee mezani, kisha sote wawili tukaenda zetu jikoni. Kwetu mtu mzima hatazamwi akila. Ukimkodolea macho, unamhesabia matonge. Kila tuliporudi, uji ulikuwa umeshika utando. Hata hivyo mzee alishukuru, na kitambaa chake cha mezani alikuwa ameshakikunja vizuri ili asitusumbue.

Ijumaa nikamwomba anionyeshe filamu zake. Nilitaka sana kujua mtu hulipwaje kwa kujifanya mtu mwingine. Akafurahi, akaweka kanda moja baada ya nyingine. Mara ni mkata mbao, mara kasisi, mara jaji mwenye masharubu. Kiswidi sikukielewa, lakini kitu kimoja nilikiona: katika kila filamu alikula. Supu, viazi, samaki wa chumvi. Alikula hadi mimi nikasikia njaa.

"Ulikuwa na njaa kweli?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha misheni.

"Hata kidogo. Supu ilikuwa baridi, na tulirudia mpaka nikachoka. Lakini nyuma ya kamera watu wote walinitazama mimi na kijiko changu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi nikishika kijiko, watu wanakimbia."

Nilicheka hadi machozi. "Mzee, ile ni heshima!"

"Heshima? Mimi nilidhani nanuka."

Jumamosi Lorraine alifika na sanduku tupu la nguo. Mimi nilikuwa nimeshaketi mbele ya mzee, na Chelagat kando yangu.

"Mama, naona haya," akaninong'oneza.

"We tazama tu."

Mzee akanyoosha kola. Akachota uji, akaupuliza, ingawa haukuwa moto, akafumba macho, akameza. Akafumbua jicho moja kuona kama bado tupo. Tulikuwepo. Akachota tena.

Lorraine alisimama mlangoni na koti lake, mkono kinywani.

"Lorraine," mzee akasema, "unaniziba mwanga. Kaa na wenzako."

Akakaa. Bakuli likaisha. Mzee akapangusa midomo taratibu, akatugeukia. "Mmeonaje?"

"Kijiko cha mwisho sikukiona vizuri," nikasema. "Rudia."

Akamsukumia Chelagat bakuli aongezwe. Lorraine akavua koti.