Foleni Mbele ya Mlango wa Fundi Bomba

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, manyunyu yakidondoka. Mtafiti alikunja mwavuli wake na kuingia katika jengo ambalo zamani lilikuwa makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha serikali. Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa na vyumba kuuzwa kwa waliokuwa wafanyakazi. Tasnifu yake ilihusu kile ambacho hakikubinafsishwa: namna majirani wanavyofaana bila risiti. Tatizo ni kwamba kila alipobisha hodi na kuuliza kuhusu "mifumo isiyo rasmi ya mabadilishano", alijibiwa, "Hapa kila mtu anajitegemea," kisha akapewa chai. Profesa anayemsimamia alikuwa amempa hadi jioni hiyo. Asipopata ushahidi, abadilishe mada.

Mbele ya mlango wa fundi bomba, korido ilikuwa imetapakaa kandambili moja, sufuria yenye kutu, kopo la rangi na jiwe. Mtafiti hakuvumilia uchafu. Isitoshe, alitaka aonekane binti mwenye adabu. Alifagia, akavirundika vitu vyote pembeni, vikubwa chini, vidogo juu, akajipongeza.

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alitokea, akashika kichwa.

"Nani kavunja foleni?"

"Foleni gani, shangazi?"

"Hiyo uliyoirundika! Kandambili ni mimi. Nilikuwa wa kwanza!"

"Wa kwanza wapi?" Muuguzi mstaafu alikuwa akishuka ngazi. "Wa kwanza ni sufuria, na sufuria ni mimi. Kandambili yako imefika jana, tena inachechemea."

Mtafiti alitamani ardhi impasukie. Mlango ulifunguka. Fundi bomba alisimama na mswaki mdomoni.

"Sasa leo naanza na nani?"

"Nani alikushonea suti ya harusi ya binti yako?" aliuliza fundi cherehani.

"Na nani alimchoma mama yako sindano, mvua jua?" alidakia muuguzi.

"Suti ilibana," alisema fundi bomba. "Sindano nazo, mama analalamika mpaka leo."

"Kumbe hamjitegemei!" Maneno yalimponyoka mtafiti.

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko.

"Mwanangu, huu ni ujirani tu," alisema muuguzi. "Wewe ulikuja na mifumo na mabadilishano, tukadhani umetumwa na watu wa kodi."

"Aliyevunja foleni ataipanga," aliamua fundi bomba. "Pita kila mlango, uulize nani alimtangulia nani."

Akapita, jiwe mkono mmoja, kopo mkono wa pili. Kila mlango ulimpa jibu, na kila jibu lilikokota kisa: nani alimlelea nani watoto, nani alimpakia nani rangi ukutani. Kufikia adhuhuri, foleni ilisimama tena, sufuria mbele, jiwe mwisho.

Fundi bomba alizibua sinki la muuguzi. Muuguzi alimpima presha fundi cherehani, iliyokuwa imepanda kwa sababu ya kandambili. Fundi cherehani alimshonea mtafiti pindo la sketi lililofumuka, akakataa hata asante. Mtafiti alimpigia profesa simu, akamwambia habadilishi mada. Kisha, kwa kuwa bomba la chumba alichopanga mtaa wa pili lilikuwa likivuja, aliweka kiatu chake kimoja nyuma ya jiwe, akaazima kandambili iliyobaki ya fundi cherehani, akaenda nyumbani kuandika.