Uso wa Mtoni

Mke wangu Agneta alinunua programu ya kuhariri video kwa namna watu wengine wanavyonunua ng'ombe. Aliizunguka, akaikagua meno, akauliza imetoka wapi na imezaa mara ngapi, akaenda zake, kesho yake akarudi akaanza upya. Muuzaji alikuwa Ubaid, kijana mwenye duka la kompyuta karibu na msikiti wa Kitale, ukuta mmoja na studio yetu. Mpaka wakati huo Agneta alikuwa akikata video kwa deki mbili, moja ya kucheza na moja ya kurekodi, kidole kimekaa juu ya kitufe cha kusimamisha. Akichelewa kidogo tu, bwana harusi alionekana akiingia kanisani, halafu akiingia tena, kama mtu aliyesahau fimbo.

Ubaid alimpangia CD tatu mezani. Ya kwanza, alisema, ni ya mtu anayetaka kukata sherehe ya mtoto wake kisha akalale. Ya pili ina mioyo inayoruka na maua yanayofunguka, na kwa harusi za hapa Kitale inatosha na kubaki. Ya tatu ilikuwa Premiere, ya watu wa kazi. Hiyo ukiifungua huoni moyo wala ua. Unaona madirisha matupu yamekukodolea macho, yanangoja useme unataka nini.

"Mama, hiyo itakutesa," Ubaid akamwambia. "Chukua ya mioyo."

Neno hilo la kutesa ndilo lililouza. Mke wangu hajawahi kuchagua kilicho rahisi; ndiyo sababu ana mimi.

Kujifunza kulimaliza msimu mzima wa mahindi. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza cha watu wasiopumzika kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nimestaafu kutoka ghala la mahindi, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuchemsha chai na kutafuta maneno kwenye kamusi. Feni ya kompyuta ile ilivuma kiasi kwamba majirani walianua nguo wakidhani mvua inakuja. Watu hunibishia nikisema hivyo, lakini mimi nguo niliziona zikianuliwa.

Alichokuja kuelewa, akanieleza kwa vidole juu ya meza, ni kwamba picha na sauti vimelala kwenye mistari, mmoja juu ya mwingine, kama mablanketi kitandani. Unaloliona ni blanketi la juu. Picha ikiharibika, huikati; unaifunika na nyingine ya mtu yuleyule, sauti unaiacha ya chini iendelee. Hakuna atakayejua. Alijaribu kwenye harusi ya Khadijo, dada yake Ubaid. Mjomba mmoja mwenye mgongo mpana alikuwa amesimama mbele ya kamera wakati bibi harusi anapokea dua. Agneta akaufunika ule mgongo kwa mikono ya Khadijo yenye hina, iliyopigwa asubuhi. Wanawake wa msikitini walilia kwa uzuri. Tangu hapo mke wangu akawa hana picha mbaya, ana picha ambazo bado hazijafunikwa.

Nami nikaanza kumtangaza. Nilikwenda kwa wakwe zangu Kanduyi nikawaambia watu wa televisheni Nairobi wanataka kuja Kitale wafundishwe na Agneta, ila amewakatalia kwa sababu ya kelele zao. Kaka yake, Mukhwana, aliniamini nusu, na hiyo nusu ilitosha. Mwaka huo wa 2006 ulikuwa mwaka wa tohara, na mwanawe Wekoye alikuwa anaingia jandoni mwezi wa nane. Akasema video ya mtoto itakatwa na senge wake mwenyewe. Senge ni shangazi, dada ya baba, na siku hiyo ana mahali pake maalumu. Kwa hiyo Agneta hakuweza kushika kamera. Akampa Kinyua, kijana wetu wa studio, akamwambia asiondoe jicho kwa uso wa mtoto.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu niseme hivi. Mvulana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa tope baridi mwili na kichwa, kisha hurudi nyumbani na umati ukiimba, husimama mbele ya ngariba na kutazama mbele. Hasogei. Hapepesi. Akipepesa, si yeye tu: wanawe watakuja kuambiwa, na siku yoyote atakayotaka kusema neno barazani mtu atamkumbusha jicho lake.

Wekoye alisimama kama nguzo ya simu. Mimi nilikuwa mbali, maana mkwe hajisukumi mbele, lakini nilisikia firimbi, ile inayopulizwa kisu kikimaliza, ikilia na wanaume wakinguruma kwa furaha, nami nikanguruma.

Tuliporudi Kitale na kutazama kanda, tulimkuta mtoto mtoni, mtoto njiani, mtoto amesimama, halafu, pale hasa panapotakiwa, kofia. Kofia nyeusi ya mtu mrefu, imejaza kioo chote. Firimbi inalia, watu wananguruma, na sisi tunatazama kofia. Kinyua aliapa kwamba alisukumwa. Agneta hakumgombeza. Alisema tu, "Nitaifunika."

Alipekua kanda, akapata uso wa Wekoye mtoni, karibu kabisa, mzuri, tope limemjaa shavuni. Kipande kilikuwa kifupi kuliko kofia. Akakivuta. Programu ile inakuruhusu kuvuta picha kama bigijii ya kutafuna, inakuwa ndefu na ya polepole. Akakiweka juu ya kofia, sauti akaiacha chini. Tulikitazama mara nyingi, yeye na miwani yake, mimi na njugu zangu. Tulikuwa tunatafuta mshono. Mshono haukuonekana. Macho ya mtoto hatukuyatazama hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Video ilionyeshwa mwezi wa kumi na mbili, siku vijana walipotoka kukaa ndani na kuvishwa nguo mpya. Mukhwana alikodi hema na jenereta, akaingiza televisheni ndani ya katoni kubwa ili jua lisiue picha. Majirani walijaa. Wekoye alikaa mbele na wenzake wa rika, kola imemsimama, hajui aweke wapi mikono.

Mtoni watu walishangilia. Njiani wakaimba na video. Kisha akasimama, kisha ukaja ule uso, mkubwa kama sinia, na firimbi haijalia bado. Kope za Wekoye zikashuka polepole. Zikakaa chini. Zikapanda polepole, kama mlango wa duka unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Ndipo firimbi ikalia.

Wanaume wa kwenye video walinguruma peke yao.

Jirani mmoja, Absalom, ambaye mwanawe alikuwa ametahiriwa msimu huohuo, aliomba kwa adabu irudishwe kidogo. Kinyua, maskini, alidhani wamependa, akairudisha. Kope zikashuka tena.

"Si tuliambiwa huyu hakupepesa?" Absalom akauliza. "Ama ni macho yangu tu, bana?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mtoto siku ile, karibu kiasi cha kumshika bega, alikuna kidevu akasema kwa kweli yeye alikuwa nyuma kidogo. Mwingine akasema jua lilikuwa usoni mwake, na siku ile jua halikuwa limechomoza. Watu waliokuwa wameona kwa macho yao walikuwa wanakubali kuwa hawakuona, kwa sababu televisheni imesema. Wekoye hakuinuka, maana kuinuka kungekuwa kukiri. Aligeuza shingo tu, akamtazama senge wake.

Nilimnong'oneza Agneta aseme ni virusi. Miaka ile virusi vya kompyuta vilibebeshwa lawama za kila mtu, na hakuna mzee wa Kanduyi angebisha.

"Halafu mtoto abaki na nini?" akaniuliza. "Abaki na virusi?"

Akasimama. Akasema uso ule si wa pale nyumbani, ni wa mtoni, yeye ndiye aliyeubandika. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile anayotumia kwangu. Absalom akasema senge ana haki ya kumtetea mtoto wa kaka yake, yeye pia dada yake angefanya hivyo. Watu wakacheka kidogo, wakaanza kuaga kabla ya chakula kuisha. Hapo ndipo niliogopa. Kwa wakwe zangu hakuna anayeondoka kabla ya chakula kuisha.

Asubuhi nilichukua pikapu ya Mukhwana mpaka Kitale, nikarudi na kompyuta imezungushiwa godoro kama mgonjwa. Agneta alikuwa ametuma watu kwa kila nyumba iliyokuwa na mtu jana. Walikuja wote, na wengine ambao hawakuwepo, maana aibu ya jirani huwezi kusimuliwa tu.

Aliiwasha mbele yao. Madirisha yakafunguka, mistari ikajipanga, akaanza kueleza kwa Kibukusu kile alichokuwa akinieleza mimi kwa vidole mezani: blanketi la juu, blanketi la chini. Akaleta kipande cha mtoni kizima, mwendo wake wa kawaida. Wakaona matete nyuma ya mtoto na maji yakienda. Wakaona tone la tope likiteremka kutoka kwenye nyusi, likamwingia jichoni, akapepesa mara moja kama mtu yeyote, hata akataka kucheka. Kisha Agneta akauvuta ule uso pembeni, na chini yake kofia ikatokea.

Watu walivuta pumzi. Yule aliyekuwa nyuma kidogo akakumbuka kwamba kumbe alikuwa mbele. Yule wa jua akasema uso wa Wekoye aliuona vizuri sana, ulikuwa kama jiwe. Mwenye kofia hajajitambulisha mpaka leo.

Absalom alimwendea Wekoye akampa mkono, lazima niseme hivyo. "Mtoto hana kosa," akasema. Kisha akamgeukia mke wangu. "Lakini wewe mama, kumbe unashona watu."

Ningefurahi mambo yakiishia hapo. Lakini Mukhwana alikuwa bado anatazama mistari kwenye kioo, anaifuata kwa kidole bila kuigusa.

"Dada," akasema, "na ile ya mazishi ya mama?"

Mama yao alikuwa amezikwa mwezi wa nne. Katika video ile, mchungaji anaposoma maisha ya marehemu, Mukhwana anaonekana akilia, machozi yamemjaa, hajifuti. Alikuwa ameionyesha kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani mwake. Watu walikuwa wamesema sasa tunajua Mukhwana alimpenda mama yake.

Agneta aliinamisha kichwa juu ya mausi. Angeweza kunyamaza. Nilimwombea anyamaze.

"Wakati wa kusoma ulikuwa nje ya hema," akasema. "Ulikuwa unaongea na simu. Yale machozi ni ya asubuhi, wakati wa ule moshi wa kuni."

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitafuta kitu chini. Viola, mke wa Mukhwana, akaingia jikoni kuangalia sufuria ambazo hazikuwa motoni. Kuna mzee alisema polepole, wala hakuwa akimwambia mtu, kwamba naye ana video ya Agneta nyumbani, ya harusi ya binti yake, na kwamba atakwenda kuitazama vizuri.

Wekoye ndiye aliyesogea mezani. Alichuchumaa karibu na kiti, karibu kama alivyokuwa akichuchumaa akiwa mdogo kuomba maandazi.

"Senge, niwekee kofia."

"Haitaonyesha kitu, baba."

"Sawa tu. Wacha ikae."

Agneta akaushika uso wa mtoni aufute. Mausi ikaruka, akashika kipande kisicho chake, akakirudisha, akashika tena. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemcheka. Uso ukafutika. Akaanzisha video tangu mtoto anaposimama, na wote tukatazama ile kofia nyeusi imejaza kioo, firimbi inalia, wanaume wananguruma, kofia inayumba kidogo kushoto. Wazee waliitazama kama watu wanaosikiliza mahubiri. Mukhwana peke yake alikuwa akitazama mikono ya dada yake.

Kofia ilipoondoka, Agneta alijifunika leso usoni, mchana ule, mbele ya watu wake wote. Nami nikainama chini ya meza kuchomoa nyaya, nikazichomoa moja moja, polepole, ili nisiinuke mapema.